Chuma si Chuma Tu: Acheni Kuabudu Namba ya Katalogi

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine wameniuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa na aibu. Leo nimeamua kuitoa hadharani, kwa sababu nimegundua si yangu peke yangu. Nina ugomvi na watu wa aina tatu: wanaoandika programu kama mimi, wanaonunua na kutengenezesha mota, na wale wote wanaosema "chuma ni chuma tu". Mtanisamehe, leo sitakuwa mpole.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina binamu mwenye kinu cha kusaga mahindi. Mota yake ni ya kilowati 11, ile tunayoiita ya farasi kumi na tano, ya stima ya fezi tatu. Iliungua mara ya kwanza, ikasukwa upya, ikafanya kazi karibu miaka miwili. Ikaungua tena, ikasukwa, ikadumu miezi tisa. Halafu tokeni za stima zikaanza kuisha haraka kuliko zamani na mota ikawa inachemka hata kabla ya mahindi kuingia. Binamu akanipigia simu: "Wewe si mtu wa kompyuta? Hebu nitafutie hesabu."

Nikamtafutia hesabu. Niliandika programu ndogo, nikaionea fahari sana. Unaiingizia volti, ampea, ukinzani wa nyaya za shaba na uzito wa chuma, inakupa hasara ya mota kwa wati. Kwa upande wa chuma nilifungua katalogi ya kampuni ya chuma, nikatafuta daraja linaloelekea kufanana, nikakuta wati 4 kwa kila kilo. Nikaiweka ndani ya programu kama namba isiyobadilika. Kilo 30 mara wati 4, wati 120, kazi imekwisha. Programu ikasema chuma cha mota hakina neno, basi mzigo ndio mzito. Binamu akanunua beringi mpya, akabadilisha mikanda, akagombana na fundi wake. Mwezi wa nne mota ikaungua tena.

Safari hii akaipeleka kwa fundi mwingine, mzee wa makamo. Nilikwenda naye ili nieleze hesabu zangu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Kijana, shaba mmeibadilisha mara tatu. Chuma mmekipima?"

"Mzee, chuma hakiharibiki. Ni chuma."

Hakunijibu. Alichukua ile stata tupu, isiyo na waya hata mmoja, akazungusha kebo nene kupitia tunduni mara kadhaa, akaiunganisha na transfoma ndogo ya karakana. Tukakaa. Baada ya dakika kumi hivi akazima stima, akaniambia, "Weka mkono hapa." Palikuwa na uvuguvugu tu. "Sasa weka hapa." Sikufika hata kuhesabu mbili, nikautoa mkono. Hakukuwa na shaba, hakukuwa na mkanda, hakukuwa na mahindi. Ni chuma peke yake, na sehemu moja ilikuwa inawaka kama jiko.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Sasa tuanze somo, kwa sababu bila kuelewa hili tutaendelea kudanganyana.

Ndani ya mota au transfoma kuna kiini cha chuma. Kazi yake ni kuipitishia sumaku njia rahisi. Kwa stima yetu ya hezi 50, sumaku hiyo inageuka upande huu na upande ule mara 50 kwa sekunde, na kila mgeuko una gharama mbili kubwa. Ya kwanza ni ukaidi wa chuma chenyewe. Ndani yake kuna maeneo madogo madogo yenye sumaku, na mipaka kati ya maeneo hayo lazima isogee kila mara uelekeo unapobadilika. Mipaka hiyo ikinaswa na uchafu, kasoro za fuwele au mikazo, inahitaji kusukumwa, na nguvu ya kuisukuma inakuwa joto. Wataalamu huita hasara hii histeresisi. Gharama ya pili ni mikondo ya umeme inayozaliwa ndani ya chuma chenyewe na kuzunguka humo bila kazi. Ili kuizuia, kiini hakitengenezwi kwa kipande kimoja kinene. Kinapangwa kwa mabati membamba mamia kwa mamia, mara nyingi ya nusu milimita au milimita 0.35, kila bati likiwa limepakwa utando mwembamba wa kihami ili umeme usiruke kwenda kwa jirani. Hasara hii inapanda kwa mraba wa unene. Punguza unene wa bati kwa nusu, hasara ya mikondo inashuka hadi robo.

Ndiyo maana chuma hiki si kile cha mabati ya nyumba. Kinaitwa chuma cha umeme na kimechanganywa na silikoni, mara nyingi asilimia 2 au 3, kwa sababu silikoni inaongeza ukinzani na hivyo kuibana ile mikondo. Mwaka 1900, Barrett, Brown na Hadfield walichapisha matokeo ya majaribio yao ya chuma cha aina hii. Robert Hadfield alikuwa mwenye viwanda vya chuma Sheffield, Uingereza. Kabla ya hapo transfoma zilitumia chuma cha kawaida, ambacho hasara yake ilikuwa kubwa na ilizidi kupanda kadiri miaka ilivyokwenda.

Haya. Katika katalogi, chuma hiki hupewa jina kama M400-50A. Jina lenyewe limebeba ahadi: hasara haitazidi wati 4.00 kwa kilo, kwa nguvu ya sumaku ya tesla 1.5 na hezi 50, na bati lina unene wa milimita 0.50. M270-35A ni wati 2.70 na unene wa milimita 0.35. Ni majina mazuri, yenye nidhamu. Lakini ulizeni namba hiyo ilipatikanaje!

Ilipatikana kwenye kifaa kiitwacho fremu ya Epstein. Unakata vipande virefu vya bati, upana milimita 30 na urefu wa milimita 280 au zaidi kidogo. Kwa chuma cha mota unakata nusu yake kufuata mwelekeo ambao bati lilipitishwa kwenye roli kiwandani, na nusu nyingine kukata mwelekeo huo. Unavipanga kama mraba ndani ya koili, unapitisha stima, unasoma wati. Vipande vimenyooka, havijapigwa, havijachomelewa, havijabanwa ndani ya kitu. Namba inayotoka ni ya kweli kabisa, na sina ugomvi na waliopima.

Lakini nani kati yenu ana mota iliyotengenezwa kwa vipande vilivyonyooka vya milimita 30? Sisi waandishi wa programu tuna msemo wetu wa kujitetea pale mteja anapolalamika: "Kwangu inafanya kazi!" Kila mtu anatucheka kwa msemo huo, na ni haki yao. Sasa namba ya katalogi ni kampuni ya chuma ikituambia hivyo hivyo: kwetu inafanya kazi. Kisha mhandisi anaichukua na kuiingiza kwenye programu yake ya hesabu kama mimi nilivyofanya, picha za rangi zinatoka, ripoti inachapishwa, na hakuna anayeuliza chuma kilipitia nini kutoka kwenye roli hadi ndani ya mota.

Mimi nitawaambia kilipitia nini.

Kwanza kilikatwa. Bati linawekwa kwenye mashine yenye kalibu, linapigwa, meno ya stata yanatokea kwa pigo moja. Chuma hakikatiki kama karatasi. Kinavutwa, kinapinda kidogo, ndipo kinapasuka, na ukingo unabaki umekunjamana ndani kwa ndani na umejaa mikazo. Ile mipaka ya sumaku niliyoitaja sasa inanaswa kila mahali. Eneo lililoathirika halionekani kwa macho, lakini kisumaku linaweza kuingia ndani kwa milimita kadhaa kutoka ukingoni, kutegemea chuma na ukali wa kalibu. Kwenye kipande cha Epstein cha milimita 30, katikati bado kuna chuma kizima cha kutosha. Lakini jino la mota ndogo lina upana wa milimita 5 hivi na lina kingo mbili. Fanya hesabu mwenyewe: jino zima ni ukingo! Na hasara si wati tu. Chuma hicho pia kinakuwa kigumu kupitisha sumaku, hivyo mota inavuta ampea zaidi ili kupata nguvu ile ile, na ampea hizo zinapasha shaba moto.

Kalibu ikichakaa mambo yanazidi. Kwenye ukingo vinabaki vinyweleo vya chuma vilivyosimama. Mabati yakibanwa pamoja, vinyweleo vinatoboa kihami na kugusa bati la jirani. Tulilipa gharama yote ile kutenganisha mabati, na sasa tumeyaunganisha tena kwa uzembe. Meneja wa kiwanda anayechelewesha kunoa kalibu ili asisimamishe kazi anaokoa pesa zake kwa kutumia stima yako.

Wengine wanadhani kukata kwa leza ni dawa. Leza haina kalibu wala vinyweleo vya aina ile, lakini ina joto. Ukingo unayeyuka na kupoa ghafla huku chuma cha jirani kikiwa baridi, na mikazo inabaki pale pale. Inafaa sana kwa mota za majaribio, ambapo kutengeneza kalibu kwa stata tatu ni wazimu. Lakini mtu akipima mota ya majaribio iliyokatwa kwa leza na kuahidi matokeo hayo kwa mota elfu kumi zitakazokatwa kwa kalibu, anajidanganya.

Pili kilifungwa pamoja. Mamia ya mabati lazima yashikane. Njia ya bei rahisi ni kuchomelea mistari kadhaa nje ya stata. Kila mstari ni daraja la umeme kutoka bati la kwanza hadi la mwisho. Njia nyingine ni kupiga vibonyeo ili bati moja liingie ndani ya jingine, na hapo pia kihami kinavunjika. Njia nzuri ni gundi: mabati yanapakwa gundi maalumu, yanabanwa na kupashwa moto hadi yanashikana bila kuchomelewa wala kutobolewa. Nayo ni ghali na ya polepole, kwa hiyo mnajua tayari ni ipi inayotumika kwenye mota za bei ya chini.

Tatu kilibanwa. Stata husukumwa ndani ya ganda la mota, mara nyingi ganda likiwa limepashwa moto ili likipoa likumbatie kwa nguvu. Kumbatio hilo ni mgandamizo kuzunguka chuma chote, na mgandamizo unaofuata njia ya sumaku ni adui mkubwa wa chuma cha umeme. Hasara inapanda, wepesi wa kupitisha sumaku unashuka. Namba ya katalogi ilipimwa bila kumbatio lolote.

Ukijumlisha yote haya unapata kitu ambacho wabunifu wa mota wanakijua vizuri. Wanachukua hasara ya katalogi na kuizidisha, mara nyingi kwa 1.5 hadi 2, ili ikaribie hasara ya kiini kilichotengenezwa. Someni tena sentensi hiyo. Wanaojua hawaiamini namba ya katalogi hata siku moja. Tunaoiamini ni sisi wageni, tuliofungua katalogi mara moja na kudhani tumeelewa.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kiwanda kazi yake ni kuharibu tu. Hilo ni kosa la pili, na ni baya kama la kwanza. Kiwanda ndicho kinachokifanya chuma hiki kiwe na thamani. Mfano bora ni wa Mmarekani Norman Goss. Mwaka 1934 alipata hataza ya njia ya kupitisha chuma cha silikoni kwenye roli kikiwa baridi na kukipasha moto kwa zamu, hadi punje zake za fuwele zinapangika karibu zote kuelekea upande mmoja. Chuma kile kile, silikoni ile ile, lakini kwa kufuata upande huo kinapitisha sumaku kwa wepesi wa ajabu. Transfoma kubwa nyingi mnazoziona leo zina kiini cha chuma cha ukoo huo. Kimebadilika nini? Si mchanganyiko. Ni jinsi kilivyotengenezwa.

Na kuna la kushangaza zaidi. Chuma hicho cha transfoma hupakwa utando unaokivuta kidogo kwa makusudi, kwa sababu mvuto kwa upande sahihi unapunguza hasara, kinyume cha mgandamizo. Kisha aina nyingine huchorwa mistari kwa leza juu ya uso, mistari inayoyagawanya yale maeneo makubwa ya sumaku kuwa membamba, na hasara inashuka tena. Leza ile ile iliyoleta madhara ukingoni, hapa inaponya. Hata yale madhara ya kukata yana dawa: mabati yaliyokwisha kukatwa yanaingizwa kwenye tanuri, nyuzi joto 750 hadi 800 na zaidi kidogo, ndani ya hewa ya naitrojeni isiyo na oksijeni, kisha yanapozwa polepole. Mikazo inalegea na sehemu kubwa ya kilichopotea inarudi. Kiwanda kinachofanya hivyo na kisichofanya hivyo wanaweza kununua chuma kutoka roli moja na kuuza mota mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo ukiniuliza "mota hii ina chuma gani?", swali halijakamilika. Niulize pia kilikatwaje, kilifungwaje, kilipozwaje. Na hapa kwetu kuna swali la nne, lililomgharimu binamu yangu: kilichomwaje?

Mota ikiungua, nyaya za shaba zimegandiana na vanishi ngumu kama mawe. Ili zitoke ni lazima vanishi iungue kwanza. Karakana zenye vifaa hutumia tanuri lenye kipimo cha joto. Viwango vya chama cha EASA cha Marekani, chama cha watengenezaji wa mota, vinataka joto la chuma chenyewe lisizidi nyuzi 370, au 400 kama kihami cha mabati ni kile kinachostahimili joto zaidi. Sasa tembeeni kwenye jua kali zetu mtazame. Stata imelazwa chini, imemwagiwa mafuta taa au imewashiwa gesi, inawaka. Chuma kikianza kuonekana chekundu gizani, kimeshapita nyuzi 500. Upande mmoja mwekundu, mwingine mweusi. Kihami kati ya mabati kinateketea. Kisha nyundo na tindo vinaingia kung'oa shaba, meno yanapindishwa, mtu anayanyoosha kwa koleo na kuyapiga tupa. Tupa inasugua chuma cha bati moja juu ya jingine. Halafu zinasukwa nyaya mpya zinazong'aa, vanishi mpya, rangi mpya ya kijani, na mteja anarudi nyumbani akifurahi.

Najua mmoja wenu atauliza: si umetuambia sasa hivi moto unaponya chuma? Swali zuri. Moto wa kiwandani ni sawa pande zote, hauna oksijeni, na unakuja na kihami kilichochaguliwa kuustahimili. Moto wa mafuta taa hauna hata kimoja cha hivyo.

Na tazameni mtego ulivyo. Kihami kikiungua, mikondo inazunguka kutoka bati hadi bati. Chuma kinachemka. Joto linahamia kwenye shaba mpya, na mafundi wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 za ziada zinakata maisha ya kihami cha nyaya kwa nusu hivi. Kwa hiyo mota inaungua mapema zaidi. Inachomwa tena kwa moto ule ule, chuma kinazidi kuharibika, inaungua mapema zaidi tena. Karibu miaka miwili, miezi tisa, miezi minne. Binamu alidhani ana bahati mbaya. Haikuwa bahati, ilikuwa chuma.

Tuhesabu hasara, kwa makadirio. Kilo 30 za chuma, wati 4 za katalogi: wati 120. Tuseme kiwanda kilikuwa cha kawaida, zidisha kwa 1.6: wati 192, na hiyo ndiyo mota mpya. Tuseme moto umeiongezea maradufu: wati 384. Tofauti na mota mpya ni wati 192, kila saa mashine ikiwa imewashwa, hata kama haisagi, maana hasara ya chuma haingoji mzigo. Saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni uniti 576. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye tokeni yako, kisha ongeza gharama ya kusuka upya kila miezi michache. Programu yangu haikuona hata wati moja ya hizo, kwa sababu niliiambia isitazame.

Sasa kuna watu watakaochukua maneno yangu na kusema: "Unaona? Mota ikiungua tupa, nunua mpya." La hasha! Hao nao nina ugomvi nao. Mwaka 2003, EASA na chama cha AEMT cha Uingereza walitoa utafiti ambamo mota zilipimwa, zikachomwa na kusukwa upya kwa utaratibu mzuri, kisha zikapimwa tena. Ufanisi ulibaki karibu pale pale. Kusuka upya si dhambi. Dhambi ni kuchoma bila kipimo na kurudisha mota bila kupima chuma.

Wala sitamlaumu fundi wa jua kali peke yake. Nani aliyemwambia nyuzi 370? Nani anayemlipa kwa kipimo? Mteja anafika na mota saa nne asubuhi anaitaka jioni, anapatana bei mpaka ya mwisho, hatoi shilingi moja kwa kazi isiyoonekana. Tunanunua kasi na bei ya chini, halafu tunashangaa tumeuziwa kasi na bei ya chini.

Serikali nayo ilianza vizuri. Kanuni za nishati za mwaka 2016 kuhusu ufanisi na lebo za vifaa ziliziingiza mota za fezi tatu. Na lebo ya mota, tofauti na katalogi ya chuma, hupimwa kwenye mota iliyokamilika, pamoja na makosa yote ya kiwanda. Hongera kwa hilo. Lakini kile kibati cha jina kimepigiliwa ubavuni na hakiungui pamoja na chuma. Mota ya binamu imechomwa mara tatu na kibati bado kinatangaza ufanisi wa siku ilipozaliwa. Ni kama cheti cha kuzaliwa kutumiwa badala ya cheti cha daktari.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki, na si cha gharama ya kutisha. Kila mota yenye ukubwa wa maana inayosukwa upya, chuma chake kipimwe kabla ya kuchomwa na baada ya kuchomwa, kwa kipimo kile kile cha mzee. Hesabu yake ni ya kidato cha nne. Volti kwa kila mzunguko wa kebo ni 4.44 mara hezi, mara tesla, mara eneo la chuma kwa mita za mraba. Kwa mgongo wa stata wenye eneo la mita za mraba 0.0036, hezi 50 na tesla 1.3, unapata kama volti 1 kwa mzunguko. Mizunguko 24, volti 24. Unasoma wati, unagawanya kwa kilo. Viwango vya EASA vinasema hasara ikipanda zaidi ya asilimia 20 kiini kichunguzwe, na sehemu yoyote inayochemka kupita nyingine isipuuzwe. (Tafadhali, ampea za kebo hiyo ni nyingi. Asiyejua kazi ya stima asijaribu nyumbani.) Namba hizo mbili ziandikwe kwenye risiti. Fundi anayezitoa alipwe zaidi. Anayekataa, mwondokee.

Na ninyi wenzangu wa programu: ondoeni ile namba isiyobadilika. Ifanyeni iwe swali ambalo mtumiaji lazima alijibu: chuma kilipimwa lini, kikiwa katika hali gani? Asipokuwa na jibu, programu imwambie wazi kwamba hesabu ni ya chuma kisichowahi kuguswa. Hili litazidi kuwa muhimu. Pikipiki za umeme zimeshafika mjini, na mota zake za gurudumuni zina sumaku nyingi kiasi kwamba chuma kinageuzwa karibu mara 200 kwa sekunde au zaidi. Kwenye mgeuko huo kosa dogo la kihami linalipwa ghali mno. Zikianza kuungua zitaletwa jua kali kama mashine za kusaga. Je, tutaziwashia mafuta taa nazo?

Stata ya binamu haikuchomwa tena. Mzee alisema mabati yake hayafai, akamtafutia mota nyingine iliyotumika, akaipima chuma mbele yetu kabla pesa hazijatoka mfukoni. Mimi nililipa nusu, kwa ajili ya zile beringi na mikanda niliyomnunulisha bure. Na fundi wake wa zamani tulimwendea kumwomba radhi kwa ugomvi wa mzigo mzito. Alitusikiliza, kisha akauliza, "Sasa hiyo nyuzi 370, nitaipimaje?" Nimemwagizia kipimajoto. Kikifika nitawaandikia yaliyotokea.